Ndoto inasahau tukio, haisahau ulivyojisikia

Habarini za jioni wote, na nyie mliosimama huko nyuma poleni, viti ndo vimeisha. Niseme mapema kabisa kwamba mimi sikuja kumtafsiria mtu ndoto, kwahiyo yule aliyeniwahi pale mlangoni kuniuliza kuota nyoka maana yake nini, ndugu yangu vumilia, tutafika huko ila jibu linaweza lisiwe lile unalolisubiri.

Tuanze na mtihani. Nyoosheni mikono, nani hapa alishamaliza shule miaka mingi, ana kazi yake, pengine na wajukuu, na bado kuna usiku anaota yuko kwenye chumba cha mtihani hajasoma chochote, kalamu haiandiki, au ndo anaingia wenzake wanakusanya karatasi? Haya shusheni, ni karibu ukumbi mzima. Sasa kitu cha ajabu ni kwamba wengi wenu mtihani huo mlifaulu! Freud, yule daktari wa Austria wa mambo ya nafsi, aliligusa hili kwenye kitabu chake cha ndoto kilichotoka mwishoni mwa 1899, alilisikia kwa daktari mwenzake Stekel, kwamba watu huwa wanaota mitihani waliyofaulu, akajiangalia mwenyewe akaona ni kweli, somo alilofeli chuoni lilikuwa lile la udaktari wa mambo ya mahakama na hakuwahi kuliota, ila botania, zoolojia na kemia alizofaulu zilikuwa zinamfuata usiku mara kwa mara. Mimi na Freud hatukubaliani kwenye mengi, hasa pale anapotaka kila kitu kiwe na siri ya chumbani ndani yake, lakini hapa alishika kitu.

Mtihani wenyewe ulishapita, cheti kiko kwenye kabati. Kisichopita ni ule ubaridi wa tumboni wa kujua sasa hivi napimwa na nitaonekana sifai. Basi siku bosi kakuita ofisini bila kukwambia sababu, au kesho una intavyuu, ubaridi ule ule unarudi, na usiku ubongo unaingia stoo kutafuta ni lini tuliwahi kujisikia hivi, unatoka na chumba cha mtihani. Hisia ni ya leo, picha ni ya zamani. Hili ndo neno langu lote la leo na mtu mwenye haraka anaweza kuondoka nalo hapa hapa, wengine tuendelee maana kuna mambo matamu huko mbele.

Kwanza mjue ndoto zenyewe zinatokea saa ngapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pale Chuo Kikuu cha Chicago kulikuwa na mwanafunzi anaitwa Eugene Aserinsky, msimamizi wake Nathaniel Kleitman, na huyu Aserinsky alichukua mashine ya zamani ya kupima mawimbi ya ubongo akamfunga waya mwanae mwenyewe wa miaka 8 (sijui mama mtu alisemaje) akaona kuna vipindi mtoto amelala fofofo lakini macho yanakimbia huku na huku chini ya kope na ubongo unachora mistari kama wa mtu aliye macho. Mwanzoni alidhani mashine imeharibika. Watu wazima walipoamshwa kwenye vipindi vile wengi sana walikuwa na ndoto ya kusimulia. Hicho ndo kinaitwa usingizi wa REM, unakuja kila baada ya dakika kama 90, wa kwanza mfupi, wa alfajiri mrefu, kwa mtu mzima ni karibu robo ya usingizi wote. Ndoto zipo pia kwenye hatua nyingine za usingizi ila zile za visa virefu, zenye vitisho na vilio, nyingi ni za hapo.

Na kwanini hapo? Miaka ya 1990 walianza kuwaingiza watu waliolala kwenye mashine za kupiga picha ubongo, wakakuta sehemu za hisia zimewaka, hasa amigdala ambayo ndo inashughulika na hofu, na hipokampasi ya kumbukumbu nayo iko kazini, ila sehemu ya mbele huku kwenye paji la uso, ile inayokuambia hebu subiri hii haiwezekani, imepunguza mwanga. Ndo maana ndotoni unaongea na bibi yako aliyefariki, mko kwenye basi, dereva ni mwalimu wako wa darasa la tatu, na wewe hushangai hata kidogo!! Unashangaa asubuhi. Na mwili umefungwa usiweze kutenda hayo unayoyaona. Mfaransa Michel Jouvet alionyesha kwa paka kwamba ukiharibu kasehemu kadogo chini ya ubongo, paka anainuka akiwa usingizini kabisa anaanza kuwinda kitu ambacho hakipo.

Sasa kumbukumbu. Watu wengi wanadhani ndoto ni marudio, yani ubongo unakuonyesha tena mambo ya mchana. Hapana jamani. Mwaka 2003 watafiti wanne, Fosse wawili, Hobson na Stickgold, waliwapa watu kazi ya kuandika ndoto zao na kusema kila kipande kimetoka wapi kwenye maisha. Zaidi ya nusu ya ndoto, kama asilimia 65 hivi, zilikuwa na kitu cha maisha ya karibuni ndani yake. Lakini ndoto zilizorudia tukio lenyewe, mahali pale pale, watu wale wale, jambo lile lile, zilikuwa asilimia 1 mpaka 2. Hebu lifikirieni hilo. Unaishi siku nzima, unaonana na watu, unakula, unagombana, halafu usiku karibu hakuna hata tukio moja linaloletwa zima, vinaletwa vipande tu, sauti ya huyu, shati la yule, ngazi za jengo fulani.

Stickgold huyo huyo alifanya kingine mwaka 2000 ambacho mimi nakipenda kupita kiasi. Aliwachezesha watu gemu la Tetris, lile la matofali yanayodondoka, kwa siku kadhaa, halafu akawauliza wanaona nini wakati usingizi unawachukua. Wakasema tunaona matofali yanadondoka. Sawa, hilo halishangazi mtu. Ila kati yao walikuwepo 5 wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hipokampasi zao zimeharibika, mtu anacheza leo kesho ukimletea gemu anakwambia sijawahi kuliona hili, inabidi ufundishe upya. Na 3 kati yao nao waliona matofali. Hawakumbuki kucheza, hawamkumbuki mtu aliyewafundisha, lakini usingizi ukija vitu vinadondoka mbele ya macho yao na wao hawajui vinatoka wapi. Kwahiyo kuna kumbukumbu ndani yako ambayo wewe mwenyewe hujui unayo, na ndoto haihitaji ruhusa yako kuifungua. Mtu anapokuja kuniambia "hiki nilichoota sijawahi kukiona maishani" huwa nanyamaza tu nakumbuka wale watatu.

Kuna jambo la muda pia, nalipitia haraka. Mambo ya jana yanaingia sana kwenye ndoto ya leo, Freud alilijua, alafu yanapungua, alafu baada ya siku kama 5 mpaka 7 yanarudi tena. Jouvet aliliona kwenye daftari lake mwenyewe la ndoto, akisafiri, mandhari ya kule alikokwenda yanamfikia ndotoni baada ya wiki hivi. Baadaye wengine wakalipima wakaliona. Wengi wanahisi ni kwasababu kumbukumbu inakuwa bado inahamishwa taratibu kutoka hipokampasi kwenda sehemu nyingine za ubongo, inaingia akili sana ila mjadala haujafungwa. Kwahiyo ukiota kitu leo ukakosa chanzo chake jana, rudi nyuma wiki moja utafute tena.

Na yale ya zamani kabisa ndo yanakaa zaidi. Waliopoteza macho wakiwa wamevuka umri wa miaka 7 hivi huwa wanaendelea kuota wakiona, wengine kwa miaka na miaka, ila aliyezaliwa haoni ndoto yake ni ya sauti, mguso, harufu. Waliokatwa mguu wengi wanaota wanatembea na miguu yote miwili. Mwili wa ndotoni ni mwili unaoukumbuka. Na ni hivo hivo kwa nyumba, kuna watu wamehama mara nyingi ila ndotoni nyumbani ni pale walipolelewa tu, tena na wenzi na watoto wa sasa humo humo ndani, watu ambao hawajawahi hata kuliona lango lake.

Turudi kwenye hisia maana hapa ndo moyo wa maneno yangu. Ernest Hartmann, daktari wa Marekani aliyeshughulika na jinamizi miaka mingi, alikuwa anasikiliza watu waliotoka kwenye majanga. Mtu ameponea kwenye moto. Siku za mwanzo anaota moto, sawa. Baadaye anaota wimbi kubwa la bahari linakuja kumfunika, na huyu mtu hajawahi kuponea baharini! Wimbi limetoka wapi? Hartmann akasema moto umeachwa, kilichobaki ni hali yenyewe ya kuzidiwa nguvu, na hali ile imejitafutia picha inayoitosha. Aliyebakwa anaota wimbi, aliyevamiwa anaota wimbi, matukio tofauti kabisa, picha moja, kwasababu ndani wamejisikia kitu kimoja, kwamba nimefunikwa na sina la kufanya.

Mfano mwingine wa hili, na huu unanitisha mpaka leo. Charlotte Beradt, mwandishi wa habari wa Berlin, kuanzia 1933 Hitler alipoingia madarakani mpaka alipokimbia nchi 1939, alikuwa anakusanya ndoto za watu kwa siri. Mshonaji, jirani, daktari, muuza maziwa. Aliziandika kwa mafumbo, Hitler anamuita mjomba Hans, kukamatwa anakuita mafua, karatasi anazificha ndani ya vitabu. Alizichapisha 1966. Kuna mwenye kiwanda mmoja, aliota Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, amekuja kiwandani, wafanyakazi wamepangwa mistari miwili, na yeye inabidi anyanyue mkono kwa saluti mbele yao, ikamchukua nusu saa nzima kuunyanyua, kidogo kidogo, na alipomaliza Goebbels akamwambia siitaki saluti yako. Basi. Hakupigwa, hakufungwa. Mwingine, daktari, aliota amepumzika nyumbani mara kuta za nyumba zinapotea, na nyumba zote za jirani hivyo hivyo, kipaza sauti kinatangaza kwamba kuta zimepigwa marufuku. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameona tukio kama hilo mchana. Lakini nani atasema ndoto zile zilikuwa za uongo? Zilieleza hofu ya nchi ile kuliko gazeti lolote lililokuwa linaruhusiwa kutoka wakati ule.

Na siyo lazima liwe jambo kubwa. Ujerumani huko huko watafiti wa Mannheim waliwapulizia wanawake waliolala harufu ya mayai viza, na usiku mwingine harufu ya waridi, wakawaamsha baada ya muda. Mayai karibu hayakutokea kwenye ndoto, waridi nalo vile vile, ila waliopata uvundo ndoto zao zilikuwa za karaha zaidi na za waridi zilikuwa za raha. Yani kitu hakikuingia, ladha yake ya moyoni ikaingia.

Ndo maana ndugu yangu wa nyoka, siwezi kukujibu. Nyoka wa mtu aliyeumwa na nyoka utotoni siyo nyoka wa mtu anayefuga nyoka, hata Artemidorus, mfasiri wa ndoto wa karne ya 2 aliyeandika vitabu 5 vizima vya kazi hiyo, alikuwa anasisitiza umuulize kwanza muotaji ni nani, anafanya kazi gani, ana hali gani. Leo tunasearch "kuota nyoka" tunapewa jibu moja kwa watu wote, tumerudi nyuma ya karne ya 2! Swali langu kwako ni ulijisikiaje ulipomuona. Ulikimbia? Uliganda? Ulimuonea huruma? Halafu, ni wapi kwingine kwenye maisha yako wiki hizi unajisikia hivyo hivyo? Wanaoamini ndoto zina ujumbe kutoka juu siwaingilii, hilo ni lao na Mungu wao, mimi naongelea zile za kila siku.

Sasa je, ndoto zinatusaidia au zinatusumbua tu? Hapa wataalamu hawaelewani. Hobson na McCarley mwaka 1977 walisema ni shina la ubongo linarusha ishara ovyo na ubongo wa juu unajitahidi kuzitungia kisa. Revonsuo wa Finland mwaka 2000 akasema ni mazoezi ya hatari, mababu waliofukuzwa na chui ndotoni walikuwa wepesi zaidi mchana. Mimi naegemea kwa Rosalind Cartwright, mama mmoja aliyewafuatilia watu waliokuwa wanaachana na wenzi wao na wameshuka moyo kabisa. Aliwalaza maabara, akawaamsha, akasikiliza ndoto zao, akaja kuwaangalia tena baadaye. Waliopona vizuri zaidi walikuwa wale walioota kuhusu mwenzi waliyeachana nae, ndoto zenye hisia kali, zinazochanganya uchungu wa sasa na mambo ya zamani ya maisha yao. Wale ambao ndoto zao zilikuwa kavu, fupi, hazina mtu wala moyo, walibaki pale pale. Kuota kwa uchungu haikuwa dalili ya kuzama, ilikuwa dalili ya kazi kuendelea.

Matthew Walker na wenzake wana maelezo yao ya namna kazi hiyo inavyofanyika. Wakati wa REM ile kemikali ya wasiwasi, noradrenalini, inashuka mpaka karibu kupotea kwenye ubongo. Kwahiyo unaligusa tena jambo lenye maumivu wakati ubongo karibu hauna ile kemikali ya wasiwasi, na kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, tukio linabaki, ukali wake ndo unatoka. Ni nadharia bado, wapo wanaoipinga, ila inaeleza vizuri kwanini wakati mwingine mambo hayo yanakwama. Kwa wenye majeraha ya kiakili baada ya vita, ajali au ukatili, kemikali hiyo inaonekana haitulii ipasavyo hata usiku, na wao ndo wale adimu ambao ndoto zao zinaweza kweli kurudia tukio lile lile karibu kama lilivyokuwa, mara mia, na kila mara wanaamka kwenye mstari ule ule moyo unapiga.

Kwa hao kuna njia na watu wengi hawaijui kwahiyo hapa naomba mnisikilize vizuri. Mchana, ukiwa macho na umetulia, unaiandika ndoto inayokusumbua, halafu unaibadilisha, popote unapotaka, unavyotaka mwenyewe, siyo lazima iwe nzuri au ya ushujaa, mlango uliofungwa uwe wazi, anayekukimbiza awe mdogo kama panya. Hiyo mpya ndo unaipitia kichwani dakika 10 mpaka 20 kila siku. Ile ya zamani unaiacha. Barry Krakow na wenzake mwaka 2001 waliipima kwa wanawake 168 waliopitia ukatili wa kingono na wana majinamizi, waliofundishwa njia hii wakapungukiwa majinamizi na usingizi ukawa bora kuliko wale ambao hawakufundishwa bado. Ukiwa na jeraha zito usianze peke yako, tafuta mshauri au daktari wa afya ya akili akae nawe, maana kuandika kwenyewe kunaweza kukutonesha.

Naona vikaratasi vya maswali yenu vimefika. Nisome vichache.

"Baba yangu alifariki akiwa ameugua sana, sasa namuota mzima, kanenepa, anacheka, naamka nalia, hii ni nini?" Pole sana mpendwa. Ni kawaida mno, waliofiwa wengi wanawaota wapendwa wao wakiwa hawana tena ugonjwa, na wengi wanasema ndoto hizo zinawafariji hata kama machozi yanatoka. Una miaka mingi ya baba mzima kwenye kumbukumbu na miezi michache ya baba mgonjwa, ile michache ilikuwa imeifunika ile mingi. Usiogope kulala.

"Nimeota mume wangu ana mwanamke mwingine, nimeamka nimemnunia mpaka mchana." Mmecheka lakini kuna utafiti wa 2014 wa Marekani uliokuta watu wakiota usaliti au ugomvi na mwenzi, siku inayofuata kweli wanakuwa na migogoro zaidi na ukaribu unapungua. Mwili ulishakasirika ukiwa umelala, haujui kwamba hakuna kesi. Dada mwambie tu umeota vibaya na una hasira zisizo na mwenyewe. Kama kuna wasiwasi wa kweli nyuma yake huo uongeeni kivyake, ila ndoto usiipeleke kama ushahidi.

Cha mwisho, "mimi siotagi kabisa." Unaota, hukumbuki. Kile kipindi cha REM vifaa vya ubongo vya kuhifadhi haviko sawasawa, ndoto ikikosa kushikwa kwenye zile dakika za kwanza inayeyuka. Ukiamka usijigeuze, usishike simu, lala vile vile ulivyokuwa, ujiulize sasa hivi najisikiaje, huzuni, aibu, furaha, hamu, andika hilo neno moja kwanza kabla ya picha yoyote, mara nyingi picha zinafuata zenyewe. Na amka bila alarm siku unazoweza, ile ya alfajiri ndo ndefu. Haya mwenye ukumbi ananionyesha saa, waliobaki na vikaratasi tukutane pale nje.